Mwalimu Nyerere na swali ambalo sanduku la kura halijibu

Kila tarehe 14 Oktoba, ofisi za serikali upande wa Kigoma hufungwa, na mfanyabiashara wa Baraka aliyevuka Ziwa Tanganyika siku hiyo kutafuta muhuri au karatasi atangoje kesho yake. Tanzania inamkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki mwaka wa 1999. Upande wetu wa ziwa jina lake halihitaji maelezo marefu. Wazee wa Fizi wanakumbuka mwaka wa 1965, wakati Che Guevara na Wacuba wake walipovuka kutoka Kigoma hadi Kibamba, serikali ya Mwalimu ikiwa imekubali wapite. Na maelfu waliokimbia vita vya 1996 walipokelewa Lugufu na Nyarugusu, katika nchi aliyoijenga yeye.

Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya uhuru, Ujamaa na vita vya Kagera. Leo tunamwangalia kwa jambo moja tu, ambalo lilimfuata tangu ujana mpaka kitanda cha hospitali: kura inahesabu watu, lakini haihesabu jinsi jambo linavyomgusa kila mmoja.

Tuseme kijiji chenye wakaaji 100 wanaopiga kura kinaamua soko lihamishwe. Watu 60 wanakubali, kwa sababu watapunguza mwendo kidogo. Watu 40 wanakataa, kwa sababu soko jipya litakaa juu ya mashamba yao. Matokeo ni 60 kwa 40, na kila kitu kimefanyika kwa haki. Lakini wale 60 wangeweza kuishi vizuri bila soko kuhama, na wale 40 hawana tena mahali pa kulima muhogo. Wanaochunguza mambo ya uchaguzi duniani wameumiza kichwa juu ya hili kwa zaidi ya miaka 200. Mwaka wa 1770, Jean-Charles de Borda, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa, alipendekeza mpiga kura awapange wagombea wote kwa safu na kila nafasi ipewe alama zake, ili ijulikane anayependwa sana na anayevumiliwa tu. Wengine walibuni njia ya kumpa mtu kura kadhaa, azirundike zote kwa jambo moja kama linamchoma, au azigawanye kama hana haraka.

Nyerere hakuandika hesabu za namna hiyo. Lakini maisha yake yalimpitisha katikati ya swali hilo mara nyingi kuliko mwanasiasa mwingine yeyote wa ukanda wetu, na si kila mara alijibu vema.

Mtoto wa kabila dogo

Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 huko Butiama, mashariki ya Ziwa Victoria. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Mama yake, Mugaya, alikuwa mmoja wa wake wengi wa chifu. Wazanaki ni watu wachache sana katika nchi yenye makabila zaidi ya 120. Hili si jambo la kupita haraka. Kiongozi anayetoka katika kabila kubwa huona upesi uzuri wa kuhesabu vichwa. Anayetoka katika kabila dogo hujua tangu utotoni kwamba siku wakihesabiwa peke yao, wao hawatashinda hata mara moja.

Alianza shule akiwa na miaka kama 12, huko Mwisenge, Musoma. Akapanda hadi Tabora, kisha Makerere nchini Uganda, mahali aliposoma maandishi ya Mwingereza John Stuart Mill na kuyatumia kuandika juu ya hali ya wanawake katika jamii ya kwao. Alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, kisha mwaka wa 1949 akaenda Edinburgh, Scotland, akarudi mwaka wa 1952 na shahada yake. Alipofundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam, siasa ilikuwa imekwisha kumkamata. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa yeye akiwa rais wake, na mwaka uliofuata akaacha ualimu. Jina la Mwalimu lakini halikumwacha.

Katika maandishi yake ya miaka ile alirudia wazo moja: kwamba Waafrika wa zamani walikaa chini ya mti, wakazungumza mpaka wakubaliane. Msomaji wa Fizi atafikiri mara moja juu ya lubunga, baraza la wanaume wa Kibembe. Penye mazungumzo ya namna ile, anayeumizwa na jambo haondoki; anarudi kusema tena na tena mpaka wenzake waone kwamba kwake si mchezo. Asiyejali sana hunyamaza na kwenda kulala. Uzito wa moyo unaonekana bila mtu kuupima. Tuseme pia ukweli ambao Nyerere aliupita haraka: chini ya mti ule wanawake na vijana hawakusemeshwa sana, na mkaidi mwenye sauti kubwa aliweza kushinda bila kuwa na haki.

Kura tatu za lazima

Mtihani wa kwanza ulifika Tabora, Januari 1958. Serikali ya Kiingereza chini ya Gavana Edward Twining ilikuwa imetangaza uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, na masharti yake yalikuwa ya ajabu. Kwanza, aliyepiga kura alipaswa kuwa na elimu, kipato au cheo fulani, kwa hiyo wananchi wengi walibaki nje. Pili, katika kila jimbo walichaguliwa wabunge 3: Mwafrika 1, Mzungu 1 na Mwasia 1. Tatu, na hapa ndipo penye kiini, kila mpiga kura alilazimishwa kuwachagua wote 3. Karatasi yenye Mwafrika peke yake ilihesabika kuwa imeharibika.

Linganisha na jimbo la Illinois huko Marekani, ambako tangu 1870 hadi 1980 mpiga kura alikuwa na kura 3 kwa ajili ya baraza la wawakilishi, na aliruhusiwa kuzirundika zote 3 kwa mtu mmoja anayemtaka kwa moyo wote. Tanganyika ilimpa mtu kura 3 pia, ikamfunga mikono. Mkulima au karani aliyekuwa na tamaa moja tu, kumwona mtu wake barazani, alilazimishwa kuonyesha kana kwamba tamaa ile imegawanyika sawasawa kwa rangi 3.

Wajumbe wengi wa TANU walifika Tabora wakitaka kususa. Hasira yao ilikuwa halali. Nyerere mwenyewe aliuchukia mpango ule, lakini aliona mbali kidogo. Kama TANU ikikaa nje, viti vitachukuliwa na UTP, chama kilichopendwa na gavana, na hao ndio watakaoandika masharti ya uchaguzi utakaofuata. Isitoshe, aliona kwamba mtego una mlango wa nyuma. Kama kila mpiga kura lazima achague Mzungu na Mwasia, basi Mzungu na Mwasia nao lazima waje kuomba kura za Waafrika. TANU ikiwaunga mkono wale wanaokubali uhuru, itapata viti vyote 3 badala ya kimoja.

Mabishano yalichukua siku kadhaa, na mwishoni mkutano ulimfuata. Zuberi Mtemvu alikataa, akatoka na kuunda chama chake. Mwaka huohuo Nyerere alishtakiwa kwa maandishi yaliyosemwa kuwachafulia jina maofisa wa serikali, akatozwa faini. Jela aliiponea hapo. Uchaguzi ulifanywa kwa awamu 2, Septemba 1958 na Februari 1959. Waliosimama kwa baraka ya TANU walifagia viti, wakiwemo Derek Bryceson kati ya Wazungu na Amir Jamal kati ya Waasia, ambao baadaye walikuwa mawaziri. UTP ilikufa.

Watanzania wanauita uamuzi ule Uamuzi wa Busara. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ulikuwa pia uamuzi wa bahati. Ulifaa kwa sababu karibu wote walitaka jambo moja kwa nguvu moja, wakaweza kupangwa kupiga kura kama mtu mmoja. Katika nchi iliyogawanyika, masharti yaleyale yangezaa fujo.

Wengi mno upande mmoja

Uchaguzi wa 1960 ulileta taabu ya namna nyingine, taabu ya kushinda kupita kiasi. TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na katika majimbo 58 hapakuwa na mpinzani, kwa hiyo hakuna aliyepiga kura huko. Kiti kimoja kilichoipotea, cha Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt, ambaye mwenyewe alikuwa mwana TANU lakini si yule aliyeteuliwa na chama. Matokeo ya Mbulu yanasema mengi. Watu walikipenda chama, ila jina waliloletewa hawakulitaka, na walitafuta njia ya kulisema hilo.

Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka wa 1962 Nyerere alichaguliwa kuwa rais, na Mtemvu, mpinzani wake pekee, akapata chini ya 2 kwa mia ya kura. Mwaka wa 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana, kubwa sana na ndogo sana, na hapo tunaona Mwalimu hakuiacha hesabu ya vichwa itawale peke yake. Katiba ya 1977, iliyoandikwa yeye akiwa bado rais, inadai kwamba mambo makubwa ya Muungano yasibadilishwe mpaka theluthi 2 ya wabunge wa Bara na theluthi 2 ya wabunge wa Zanzibar wakubali, kila upande ukihesabiwa mbali. Wazanzibari wana malalamiko mengi juu ya Muungano, na hatutayamaliza hapa. Lakini kizuizi kile kinajua kwamba kwa kisiwa jambo dogo kwa Bara linaweza kuwa la kufa na kupona.

Kwa upande wa bunge alitengeneza kitu kipya mwaka wa 1965. Chama ni kimoja, lakini katika kila jimbo wagombea wawe 2, mmoja na alama ya jembe, mwingine na alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma achague. Wengi walidhani ni mchezo wa kuigiza. Masanduku yalipofunguliwa, Paul Bomani, waziri wa fedha, alikuwa ameanguka, na wengine wa serikali pamoja naye. Wananchi walikuwa wamepewa njia ya kusema kwamba chama wanakitaka, ila mtu huyu hapana.

Kwa kiti chake mwenyewe hakuweka njia ya namna hiyo. Mpiga kura alipewa jina moja, Nyerere, akajibu ndiyo au hapana. Uchaguzi baada ya uchaguzi, ndiyo zilipita 9 katika kila 10. Na hapa ndipo doa kubwa la maisha yake lilipo. Mwezi wa Novemba 1973 alitangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi katika vijiji. Mamilioni walihamishwa. Wengine walikwenda kwa hiari, wengine walipakiwa katika malori, na penginepo nyumba zilichomwa moto ili mwenyewe asirudi. Mwaka wa 1975, katikati ya kazi ile, Nyerere alipata tena ndiyo zaidi ya 9 katika 10.

Kura zile hazikuwa lazima za uongo. Mtu aweza kumheshimu Mwalimu kwa shule aliyomjengea mtoto na kwa amani, akampa ndiyo, na bado moyo ukamwuma kwa sababu ya migomba aliyoiacha nyuma. Karatasi ya ndiyo au hapana haina mahali pa kuandika jambo la pili. Na rais anayeletewa ndiyo nyingi hivyo hakuna kinachomstua. Sisi tunaijua karatasi ya aina hiyo: Desemba 2005 Wakongomani tuliulizwa juu ya katiba nzima, yenye vifungu zaidi ya 200, na tukajibu kwa neno moja.

Ishirini dhidi ya themanini

Mwaka wa 1985 aliacha urais mwenyewe, jambo la nadra wakati ule. Akabaki mwenyekiti wa CCM hadi 1990. Mwanzoni mwa mwaka huo, tawala za chama kimoja za Ulaya Mashariki zikianguka, aliwashangaza wenzake kwa kusema hadharani kwamba kuzungumzia vyama vingi si dhambi. Yeye, baba wa chama kimoja.

Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume mwaka wa 1991 chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Tume ikazunguka nchi kuwasikiliza wananchi. Jibu lilikuwa wazi: karibu 8 katika kila 10 walitaka chama kimoja kiendelee. Waliotaka vyama vingi walikuwa kama 2 tu katika 10, ingawa Zanzibar sehemu yao ilikuwa kubwa zaidi. Kwa hesabu ya vichwa, habari ilikuwa imekwisha.

Tume ikapendekeza vyama vingi.

Iliona kwamba wengi kati ya wale 8 walitaka kubaki na chama kimoja lakini papo hapo wakalalamikia mambo ambayo chama kimoja ndicho kilichoyazaa, walizoea, hawakung'ang'ania. Wale 2 walijua wanachokitaka, na kuwanyima kulikuwa kuwafungia mlango kabisa, wakati kuwaruhusu hakukumnyang'anya mwana CCM kadi yake. Nyerere alikuwa upande wa mabadiliko. Alijua chama chake kilikuwa kimelala kwa kukosa mshindani, na aliona heri mlango ufunguliwe wakati nchi imetulia kuliko kungoja uvunjwe. CCM ilikubali, na tarehe 1 Julai 1992 sheria ya vyama vingi ikaanza kazi.

Wapo wanaosema huko kulikuwa kuwadharau wananchi: unawauliza, wanajibu, unafanya kinyume. Hoja hiyo ina nguvu. Nani atapima moyo wa mtu, na nani atamzuia mjanja asijifanye anaumia kuliko wote? Tanzania ilikuwa na bahati kwamba aliyepima hakutafuta kiti. Mpimaji mwingine angeweza kuwa mwizi.

Katika Fizi swali hili lina jina na mahali. Mwaka wa 2020, habari ya komini ya Minembwe ilipowaka, na Oktoba ya mwaka huo Rais Félix Tshisekedi akatangaza kuifuta, hakuna aliyedhani kwamba kura ya wakaaji wa teritware nzima ingemaliza jambo. Babembe, Banyamulenge, Bafuliro, Banyindu na wengine hawakuwa wanabishana kidogo. Kila upande uliona ardhi ya babu au mahali pa kuishi pakiwa hatarini. Na uchaguzi wetu wa kawaida hausaidii kupima. Rais wetu, tangu katiba ilipobadilishwa mwaka wa 2011, anachaguliwa kwa duru moja, anayepata nyingi kuliko wenzake ameshinda hata kama hajafika nusu. Mbunge tunamgusa mmoja kwenye kioo cha mashine, na safari inaishia hapo. Anayempenda sana na aliyemgusa kwa sababu ya chumvi na kitenge wanahesabika sawa.

Arusha

Kazi yake ya mwisho ilikuwa Burundi, jirani yetu. Huko, Juni 1993, Melchior Ndadaye alichaguliwa kuwa rais kwa kura nyingi na halali; Oktoba aliuawa, na wakimbizi wakamiminika hadi Uvira. Nyerere alipopewa upatanishi mwaka wa 1996 alikuta nchi ambayo Wahutu wengi waliona kwamba ushindi wao umeibwa kwa bunduki, na Watutsi wachache waliona kwamba kushindwa katika kura ni kuhukumiwa kufa. Mazungumzo yalifunguliwa Arusha mwezi wa Juni 1998, vyama vingi, kamati nyingi, posho nyingi, maendeleo ya konokono. Serikali ya Bujumbura haikumwamini kabisa. Ilimwona anaegemea upande mmoja. Alisukuma hivyohivyo, akiwa tayari mgonjwa wa kansa ya damu.

Alifariki katika hospitali ya St Thomas, London, tarehe 14 Oktoba 1999, mapatano yakiwa hayajatiwa sahihi. Alizikwa Butiama. Nelson Mandela alichukua nafasi yake, na tarehe 28 Agosti 2000 Mapatano ya Arusha yakasainiwa: baraza la seneti nusu kwa nusu kati ya Wahutu na Watutsi, kabila lolote lisizidi nusu ya jeshi, sheria zipite kwa theluthi 2. Katiba ya Burundi ya 2005 ikaongeza 60 kwa 40 katika bunge, na viti 3 vya Watwa. Kijana aliyepigana Tabora na masharti ya kuchagua kwa rangi alimaliza safari yake akiongoza mazungumzo yaliyozaa viti vya kuhesabiwa kwa kabila.